Wanywaji Wengi Kuliko Tembo

Februari 2005, Posta ya Korea Kusini ilitoa stempu yenye kivuli cha mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Kwenye stempu ileile mtu huyo anainuka, anaruka juu, kisha anamkumbatia mwenzake. Ilikuwa stempu ya kumtukuza Hwang Woo-suk, daktari wa mifugo na profesa wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, ambaye mwaka mmoja kabla alitangaza kupitia jarida la Science kwamba amepata seli shina kutoka kwenye kiinitete cha binadamu kilichotengenezwa kwa kloni. Stempu ilipokuwa inachapwa, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekuwa ameinuka kwa seli hizo.

Kisa cha Hwang ndicho ninachokitoa kila mjadala wa umaarufu na kazi unapozuka, maana kina vyote: kipaji cha kweli, bidii ya kweli, sifa za kupitiliza, na mwisho usiofanana sana na hadithi tulizozoea za tapeli aliyekamatwa. Watu wakiambiwa umaarufu unaharibu kazi, wengi hufikiria majivuno. Fulani kavimba kichwa, kaacha kujituma, kaporomoka. Hiyo ipo, lakini ndiyo sehemu nyepesi ya tatizo. Iliyo nzito ni kwamba umaarufu unaweza kumharibia kazi hata mtu asiye na majivuno, tena anayejituma kuliko wenzake wote.

Tuanze na alichokuwa akikitafuta. Seli shina ni seli changa ambayo bado haijaamua itakuwa nini. Inaweza kugeuka kuwa seli ya misuli, ya moyo, ya neva. Ukiweza kuzipata zenye vinasaba vya mgonjwa mwenyewe, mwili wake hautazikataa kama unavyoweza kukataa figo ya mtu mwingine. Njia mojawapo ni kloni: kuchukua yai la mwanamke, kutoa kiini chake, na kuweka kiini cha seli ya mgonjwa. Kwa wanyama jambo hili lilikuwa limeshawezekana, na kondoo Dolly wa Uskoti alizaliwa mwaka 1996. Kwa binadamu hakuna aliyekuwa amefaulu. Hwang akasema nimefaulu, na Mei 2005 akaongeza makala ya pili: sasa ana koo 11 za seli, kila ukoo ukiwa kizazi cha seli zenye vinasaba vya mgonjwa halisi.

Mwezi uliofuata serikali ikamtunuku cheo cha mwanasayansi mkuu kabisa wa nchi, akiwa wa kwanza kukipata. Shirika la ndege likampa tiketi za bure za daraja la kwanza. Oktoba kikafunguliwa Seoul kituo kilichokusudiwa kuwa makao ya seli shina ya dunia nzima. Na yeye alijua kuongea na wananchi. Alikuwa mtoto wa shamba, aliyefiwa na baba akiwa mdogo na kukulia kwenye ng'ombe. Alisema vijiti vya chuma ambavyo Wakorea hulia chakula ndivyo vilivyowapa vidole vya kushika yai la binadamu bila kuliharibu. Kalenda ya maabara yake, ilivyosimuliwa, ilikuwa Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa. Nani asingempenda mtu kama huyo?

Novemba 2005 kipindi cha uchunguzi cha televisheni ya MBC kikarusha habari kwamba mayai ya maabara yale yalikuwa na walakini: baadhi ya wanawake walilipwa, na wengine walikuwa watafiti wadogo wa chini yake mwenyewe. Aliyewadokeza waandishi ni daktari kijana aliyewahi kufanya kazi humo. Kilichomsukuma ni kusikia kwamba Hwang anapanga kufanya majaribio kwa mtoto wa miaka 10 aliyeumia uti wa mgongo.

Wananchi walikasirika, ila hawakumkasirikia Hwang. Hasira zao zilielekezwa kwa televisheni. Wadhamini 11 kati ya 12 wa kipindi kile waliondoa matangazo yao. Wanawake zaidi ya 1,000 wakajiandikisha kumtolea mayai yao. Wengine wakamwekea maua njiani, arudi kazini. Daktari aliyetoa siri akapoteza ajira. Kilichomwangusha Hwang hatimaye si kelele za mtu yeyote. Watafiti vijana wa Korea waliketi wakazilinganisha picha za makala ya pili moja baada ya nyingine, wakaona picha zilezile zimetumika kuonyesha koo tofauti za seli.

Tarehe 10 Januari 2006 jopo la chuo chake likatoa matokeo. Seli shina za kloni hazikuwapo, hata ukoo mmoja. Mayai yaliyotumika yalikuwa 2,061, kutoka kwa wanawake 129. Jarida likafuta makala zote mbili, Posta ikaacha kuuza stempu yake. Oktoba 2009 mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa, kwa kutumia vibaya fedha za utafiti na kwa kununua mayai kinyume cha sheria.

Naomba msomaji asiipite haraka ile namba 129. Kutoa mayai si kama kutoa damu. Mwanamke hudungwa sindano za homoni kwa siku kadhaa, halafu mayai hutolewa kwa sindano ndefu, na wapo wanaougua baadaye. Stempu ilimwonyesha mwanamume anayeruka. Hao hawakuonyeshwa popote.

Sasa nifike kwenye sehemu ya kisa ambayo wengi wakisimulia huiruka. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na George Daley wa Boston walizichunguza upya zile seli za makala ya kwanza, zile za 2004. Seli zilikuwapo kweli, na zilikuwa seli shina kweli, ila hazikutokana na kloni. Zilitokana na yai lililoanza kugawanyika lenyewe, bila mbegu ya kiume na bila kiini cha mgonjwa. Jambo hilo linajulikana kwa baadhi ya mijusi na wadudu, lakini hakuna aliyekuwa amepata seli shina za binadamu kwa njia hiyo. Kwa maneno mengine, maabara ya Hwang ilikuwa imegundua kitu kipya cha kweli, kikawa mezani mwao, na wao hawakukiona. Walikuwa wakikitazama kwa macho ya mtu anayesubiri kitu kingine, na kile kingine ndicho ambacho taifa lilikuwa limeshakipigia makofi.

Waswahili tuna methali ya jambo hili: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tafsiri ya kawaida ni kwamba sifa humfanya mgema abweteke. Lakini mgema wa Seoul hakubweteka. Alikuwa na Ijumaa tatu kila wiki. Alitia maji kwa sababu wanywaji walikuwa wamekuja wengi kuliko tembo lililopo, na kila mmoja ameshika kata mkononi. Methali haisemi mgema alijisikiaje usiku ule, akiwa anajua mitungi imebaki mingapi na watu wamefika wangapi. Mimi nadhani hapo ndipo penye somo.

Kila kazi ina mwamuzi wake. Fundi wa paa mwamuzi wake ni mvua ya kwanza. Mkunga mwamuzi wake ni mama na mtoto. Mtafiti mwamuzi wake ni jaribio ambalo mtu wa nchi nyingine, asiyemjua wala kumpenda, atalirudia na kupata majibu yaleyale. Waamuzi hawa wana tabia moja: hawabembelezeki. Mvua haijali fundi ana jina gani mjini. Mtu anayesaka umaarufu huwa hajaamua kuacha kazi. Amebadilisha mwamuzi tu. Sasa anayempa alama ni mtazamaji, ambaye kwa kawaida hana njia ya kujua kama paa linavuja, kwa sababu hakai ndani ya nyumba ile.

Mwamuzi akishabadilika, mengine hufuata yenyewe, bila mtu kukusudia uovu. Mtazamaji hulipa mapema. Mvua hungoja masika, lakini makofi huja siku ya uzinduzi, kabla kitu hakijapimwa. Ukishapokea malipo unadaiwa, na mwenye deni huanza kuyaona matokeo mabaya kama adui, wakati kwa mfanyakazi wa kawaida matokeo mabaya ni taarifa. Fundi akiona doa la maji kwenye dari hupanda juu akatazame bati gani limelegea. Fundi aliyekwisha kuonyeshwa kwenye televisheni kama bingwa wa mapaa hutafuta rangi ya kufunika doa.

Halafu watu wa karibu hupungua. Nchi nzima ikikupenda, anayekwambia "hapa pana kosa" anakuwa msaliti, kama yule daktari kijana. Hili watu maarufu hulilalamikia kana kwamba ni bahati mbaya, wakati ni gharama ya kawaida kabisa. Mtu asiyejulikana ana utajiri mmoja asioujua, nao ni kuwa na watu wanaoweza kumkosoa bila kupoteza kitu.

Na lipo la kupoteza macho. Katika matatu haya, naliona hili kuwa baya zaidi, na mfano wake ni zile seli za 2004. Ukiwa umeahidi kitu fulani hadharani, huna tena nafasi ya kugundua kitu kingine.

Kwa haki yake, niongeze kwamba Hwang hakuwa bure. Agosti 2005 maabara yake ilitangaza mbwa wa kwanza wa kloni duniani, Snuppy, na jopo lililokuja kumwumbua lilimpima mbwa huyo pia, likakuta ni kloni halisi. Baadaye alirudi kwenye kile alichokiweza siku zote: kloni za mbwa kwa wateja wenye fedha, na miaka ya karibuni ngamia huko Falme za Kiarabu. Mikono ilikuwapo. Ilipewa kazi ya kutimiza stempu.

Mwaka uleule wa 2005, upande mwingine wa dunia, ilitoka makala ambayo karibu hakuna aliyeisoma. Mwandishi wake mmoja alikuwa Katalin Karikó, binti wa mchinja nyama wa Hungaria, aliyehamia Marekani mwaka 1985 na mumewe na mtoto wao, fedha zao za kuuza gari zikiwa zimeshonewa ndani ya mwanasesere wa dubu. Alikuwa akishughulika na mRNA, ile barua ndogo ambayo seli huisoma ili kujua itengeneze protini gani. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimshusha cheo mwaka 1995 kwa kuwa hakuwa akiingiza fedha za ufadhili. Mwaka 1997 akakutana na Drew Weissman kwenye mashine ya fotokopi, kila mmoja akitaka kutoa nakala zake, wakaanza kushirikiana.

Tatizo lao lilikuwa kwamba mRNA ya maabara ikiingia mwilini, kinga ya mwili huicharukia kama adui. Waligundua kuwa wakibadilisha herufi moja ya kemikali ndani ya barua ile, mwili unatulia na seli inasoma. Jarida la Nature lilikataa makala yao. Ikatoka kwenye Immunity. Simu hazikuita. Miaka 15 baadaye ugunduzi huo ulikuwa ndani ya chanjo za Covid za Pfizer na BioNTech na ya Moderna, na Oktoba 2023 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Hapa inabidi nisimame kidogo, maana kisa hiki kimeshaporwa. Kwenye semina za kuhamasisha watu husimuliwa hivi: vumilia, fanya kazi kimya, siku moja dunia itakujua. Huo ni umaarufu umerudi kwa mlango wa uani. Wapo watafiti wengi walioshushwa vyeo na simu hazikuita mpaka wakastaafu, na baadhi yao kazi yao ni ya maana vilevile, au walipita njia ambayo ikaja kuonekana haifiki popote, nalo hilo ni jambo la maana kulijua. Herufi ile ya kemikali ingefanya kazi hata kama Nobel angepewa mtu mwingine. Cha kujifunza kwa Karikó ni kwamba panya walipougua kwa mRNA yake, hakuwa na sababu yoyote ya kuwaficha. Aliuliza tu kwa nini wanaugua.

Huku kwetu mambo haya hayaendi maabara sana, yanaenda studio. Tazama namna wimbo unavyotolewa mjini siku hizi. Wimbo utatoka Ijumaa. Jumatatu mdada aliyecheza kwenye video anaposti mkono wa mwanamume wenye saa inayojulikana. Jumanne kurasa za udaku zinauzungushia duara jekundu. Jumatano msanii anaingia redioni, anaulizwa, anacheka, anasema yeye hapendi kuongelea maisha yake binafsi. Alhamisi mtu wa tatu analia laivu usiku wa manane. Ijumaa wimbo. Wiki ya pili ukimwuliza mtu kiitikio kinasemaje, anakusimulia habari ya saa.

Hiyo ndiyo kiki, na sisemi hivi kwa kuwadharau wasanii. Hesabu inawasukuma. Mwaka 2018 YouTube ilianza kutaka chaneli iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla haijaanza kugawana nayo fedha za matangazo, na hesabu ya saa haiulizi mtu ametazama kwa kupenda au kwa kukasirika. Ukipima hasira na mapenzi kwa rula moja, watu watakuletea hasira, kwa sababu hutengenezwa upesi na haihitaji mpiga gitaa. Ila kiki ina ubaya wake wa kimahesabu: haiwezi kurudiwa kwa ukubwa uleule. Penzi la uongo la mwaka jana mwaka huu linahitaji harusi ya uongo. Menejimenti inayojua kiki tu inajikuta inatumia muda wa mazoezi kutunga drama, na siku msanii anapopanda jukwaani na playback ikakatika, mwamuzi wa zamani anarudi. Maikrofoni haijui nani aliachana na nani.

Mtu atasema muziki ni biashara ya kujulikana, msanii asiyetazamwa ni msanii gani? Ni kweli, na ndiyo maana inafaa kumkumbuka Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika familia fukara, akauza vyungu, akaingia mjini mwaka 1911 akiwa mtu wa kuchekwa kwa asili yake na sura yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, akiimba taarab kwa Kiswahili, na sahani zake zikauzwa pwani nzima. Umaarufu ulikuwapo, tena mkubwa. Lakini watazamaji wake walikuwa watu wa namna gani? Walikuwa watu wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, wanaoijua lugha hadi uvunguni, wenye kuyafumbua mafumbo, na wenye kuzifahamu kesi alizoziimba, nani kaonewa na nani kaponyoka. Huwezi kumdanganya msikilizaji wa namna hiyo. Akisifu, sifa yake ni kipimo halisi.

Kwa hiyo kosa si kutazamwa. Kuna mtazamaji anayejua na mtazamaji asiyejua, na mitandao imefanya jambo moja kubwa: imemwongeza wa pili mara elfu, na ikampa sauti sawa na wa kwanza. Daktari anayejibu maswali ya afya mtandaoni anaweza kupata pongezi laki moja kutoka kwa watu wasioweza kujua kama jibu lake ni sahihi, na ukimya kutoka kwa madaktari wenzake kumi wanaojua si sahihi. Akifuata namba, atakwenda na laki moja.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapo mimi nabishana nao. Chema mara nyingi hakijiuzi, kinaoza ghalani. Fundi hodari asiyejulikana hukaa kijiweni siku nzima huku kazi zikienda kwa mwenye bango. Mtafiti asiyejua kueleza kazi yake hunyimwa ruzuku. Kijana anayeanza kushona, kuandika au kutengeneza simu ana kila haki ya kupiga picha za kazi yake na kuzisambaza, na anayemwambia "fanya kazi tu, watu watakuja" huenda yeye ana mshahara wa mwezi. Kujitangaza ni kazi halali. Mimi humtazama mtu siku kazi yake inapoleta jibu ambalo watazamaji hawalitaki. Je, ataposti? Fundi cherehani anayeonyesha gauni lililomkaa mteja vizuri ni mtangazaji. Anayempigia mteja simu amwambie "dada, kitambaa hiki kitachuja, tusikitumie", huku akijua picha ingependeza, huyo bado ana mwamuzi wake.

Wapo walioushika umaarufu kama chombo, wakakitumia pale kinapohitajika. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira wa Kenya, alipoupinga mwaka 1989 ule mnara wa ghorofa 60 uliotakiwa kujengwa Uhuru Park, Nairobi, jina lake lilikuwa silaha. Aliandika barua kwa wakubwa wa ndani na nje, kelele zikawa nyingi, wafadhili wakanywea. Ila kwa ufafanuzi wetu linalonivutia zaidi ni jambo dogo la uhasibu. Vuguvugu lake la Green Belt lilianza Juni 1977 kwa sherehe ya kupanda miti saba Kamukunji. Miti ya sherehe hupendeza siku ya sherehe. Walipoanza kufanya kazi na wanawake wa vijijini, malipo madogo, senti chache, yalitolewa kwa mche uliopona. Mche uliopandwa ukafa haukulipiwa.

Ukiutazama uamuzi huo kwa makini, utaona kwamba unamwondoa mpiga picha kabisa. Siku ya kupanda, mche utakaokufa na mche utakaopona inafanana; kamera haiwezi kuitofautisha. Anayeweza ni mama anayerudi na ndoo ya maji wiki ya tatu, wakati wageni wameshaondoka na fulana zao za kampeni. Mpango ukilipa kwa miche iliyopandwa, utapata picha. Ukilipa kwa iliyopona, utapata mwagiliaji. Nchi zetu zimejaa kampeni za miti milioni kadhaa kwa siku moja, na ni nadra kumsikia waziri akirudi baada ya miaka miwili kuihesabu iliyobaki.

Maji nayo ni hivyohivyo, na huku ndiko ninakouona ugonjwa huu ukiumiza watu wengi zaidi kuliko muziki wote wa kiki. Kisima kikizinduliwa kuna hundi ya mfano, ile kubwa ya kadibodi inayoshikwa na watu wanne, kuna utepe, kuna mtoto wa kunywa maji ya kwanza mbele ya kamera. Baadaye mpira wa pampu unalika, na hakuna utepe wa mpira wa pampu. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni kwamba karibu pampu moja kati ya nne za mkono katika Afrika kusini mwa Sahara haifanyi kazi wakati wowote utakaokwenda kuhesabu. Nyingi hazihitaji kisima kipya. Zinahitaji kipuri na mtu mwenye pikipiki.

Kyuso, kaunti ya Kitui nchini Kenya, walijaribu kitu kingine. Ndani ya mpini wa pampu waliweka kifaa kidogo kinachohisi mpini ukienda juu na chini, kinachotuma taarifa kwa mtandao wa simu. Mpini ukikaa kimya isivyo kawaida, fundi anajua. Pampu zilizokuwa zikikaa karibu siku 27 bila kutengenezwa zikawa zinatengenezwa kwa wastani wa siku zisizofika tatu. Kutokana na majaribio hayo ikazaliwa huduma ya matengenezo iitwayo FundiFix, Kitui na Kwale, ambayo jamii huilipia ili pampu isilale zaidi ya siku chache. Kipimo chake ni siku ambazo maji hayakutoka, na ripoti yake ni jedwali la tarehe na vipuri. Ofisi inayotafuta picha ya jalada haitaipata humo, na fomu nyingi za ufadhili bado zinaanza kwa kuuliza visima vingapi vimechimbwa.